Ateritisi ya seli kubwa: prednisoloni peke yake, au aongezewe dawa ya pili?

Mtu amevuka miaka 70. Kichwa kinaanza kumuuma upande wa panja, maumivu mapya, tofauti kabisa na kipandauso alichokizoea. Kitana kikigusa ngozi ya kichwa anaruka. Akila nyama, taya linachoka kabla sahani haijaisha. Akitulia linapoa, akianza tena kutafuna linauma tena. Daktari ametaja ateritisi ya seli kubwa, ameandika prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa dozi ya juu, kisha ameiachia familia maswali mawili. Apimwe kwa altrasaundi au akatwe kipande cha mshipa? Na je, aendelee na vidonge hivi peke yake, au aongezewe dawa nyingine?

Ni ugonjwa wa kuta za ateri, hasa zile za kichwani na zile kubwa zinazotoka moyoni kwenda kichwani na mikononi. Kinga ya mwili inauvamia ukuta wa mshipa, unavimba kwa ndani, njia ya damu inabana, na kiungo kilichokuwa kikitegemea mshipa huo kinakosa damu. Ni nadra mno kuwapata walio chini ya miaka 50, na wagonjwa wengi wako kati ya 70 na 80. Wanawake ni mara mbili hadi tatu ya wanaume. Umekithiri Ulaya ya Kaskazini na kule walikohamia Waskandinavia, kama Minnesota. Ndiyo maana Waswahili wengi wanaoujua ni wauguzi na walezi wa wazee walioko Uingereza, Marekani au Ujerumani, au waliooa na kuolewa huko. Hata hivyo, asije daktari akakwambia mama yako aliyetoka Moshi au Mombasa hawezi kuupata kwa kuwa ni Mwafrika. Utafiti wa Baltimore uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba tofauti kati ya weusi na weupe ni ndogo kuliko vitabu vya tiba vilivyozoea kusema.

Jambo moja halina uchaguzi

Kabla ya kulinganisha chochote, prednisoloni ya siku ya kwanza haijadiliwi. Ugonjwa huu hupofusha. Jicho linaweza kuingia giza kwa dakika chache kisha likarudi, au vitu vikaonekana viwiliviwili, halafu siku moja likazima moja kwa moja. Jicho lililozimika kwa kawaida halirudi, na bila dawa la pili linaweza kulifuata ndani ya siku au wiki chache. Kwa hiyo daktari akishuku kwa nguvu anaanza dawa hapohapo, hata kama majibu ya vipimo hayajatoka: miligramu 40 hadi 60 kwa siku kwa vidonge, na kama macho yameguswa, mara nyingi methiliprednisoloni kwa dripu, miligramu 500 hadi 1,000 kila siku kwa siku 3. Ukiwa mlezi na mzee wako amesema jicho moja limefifia, usimwandikie miadi ya wiki ijayo. Mpeleke dharura leo.

Kati ya dalili zote, hiyo ya taya kuchoka kwa kutafuna ndiyo ningetaka kila mlezi aikariri. Kichwa kinaumwa kwa sababu mia; taya linalouma likifanya kazi na kupoa likipumzika lina sababu chache sana. Nyingine ni homa isiyoeleweka, kupungua uzito, na mabega na nyonga kukakamaa asubuhi, hali iitwayo polimialjia rumatika, ambayo karibu nusu ya wagonjwa hawa huwa nayo. Vipimo vya damu vya ESR na CRP, vinavyoonyesha kuna uvimbe mwilini, kwa kawaida hupanda, lakini vinapanda pia kwa malaria, kwa nimonia, kwa kifua kikuu. Peke yake havitoshi.

Altrasaundi au baiopsi

Hapa vigezo ni vinne: majibu yanatoka upesi kiasi gani, yanaaminika vipi, mgonjwa anaumia kiasi gani, na nani anajua kukifanya.

Baiopsi ni kuchana ngozi ya panja kwa ganzi ya sehemu hiyo tu na kukata angalau sentimita 1 ya mshipa, kisha kuutazama kwa darubini. Ikionyesha ugonjwa, hakuna mjadala tena. Ikikosa kuonyesha, bado hujapona wasiwasi, maana ugonjwa huruka: sehemu hii ya mshipa imevimba, inayofuata ni nzima, na kisu kinaweza kuangukia palipo pazima. Majibu huchukua siku kadhaa. Kovu ni dogo, hufichwa na nywele, na mara chache neva ya uso hujeruhiwa nyusi ikalegea. Faida yake kubwa ambayo haitajwi sana ni kwamba haina haraka. Hata wiki mbili baada ya kuanza steroidi, alama za ugonjwa bado zinaonekana kwenye kipande hicho.

Altrasaundi haina kisu. Mtaalamu anapitisha kipimo kwenye panja na kwapani, akitafuta duara jeusi kuzunguka mshipa, yaani ukuta uliovimba, ambalo madaktari wa Berlin walilieleza mwaka 1997. Majibu ni palepale. Tena inaona ateri za kwapani ambazo baiopsi ya panja haizifikii kamwe. Udhaifu wake ni miwili. Kwanza, inategemea mkono na jicho la anayeifanya kuliko ilivyo kwa vipimo vingi. Pili, steroidi huifuta picha upesi. Kila siku inayopita baada ya kuanza dawa, duara linafifia.

Utafiti mkubwa uliofanywa kwa wagonjwa 381 na kuchapishwa 2016 ulikuta altrasaundi iligundua asilimia 54 ya wenye ugonjwa na baiopsi asilimia 39. Lakini kwa wasio na ugonjwa, baiopsi haikumsingizia hata mmoja, wakati altrasaundi iliwaondoa kwa usahihi asilimia 81 tu. Kwa hiyo kila kimoja kinazidiwa na mwenzake upande mmoja. Hata wataalamu hawajaafikiana: miongozo ya Ulaya inaanza na altrasaundi, ule wa Marekani wa 2021 unaanza na baiopsi. Tofauti hiyo inatokana zaidi na nani amefundishwa nini kuliko na ubishi kuhusu sayansi.

Anayefika siku ya kwanza kwenye hospitali yenye kliniki ya haraka ya ugonjwa huu, kama zile zilizoanzia Southend huko Essex, anafaidika zaidi na altrasaundi. Aliyekwisha kumeza vidonge siku kumi, au yuko mji ambao mpiga altrasaundi amezoea mimba na figo tu, baiopsi inamfaa zaidi. Vikitoa majibu yasiyoeleweka, kingine kinaongezwa. Maumivu yakiwa si ya kichwa bali ni homa, kukonda na mkono unaochoka, hutumika picha ya PET ya mishipa mikubwa.

Maswali matano ya kuipimia kila tiba

Sasa dawa. Kila moja nitaiuliza yaleyale: inazuia ugonjwa kurudi kwa kiasi gani, inaokoa steroidi kiasi gani, inaharibu nini, inamsumbua vipi mgonjwa wiki hadi wiki, na inapatikana wapi na kwa uzito gani wa mfuko. Swali la pili ndilo linalobeba mengine. Dawa zote za kuongeza hutolewa hapa kwa kusudi hilo, kumpunguzia mzee steroidi, na hakuna hata moja inayochukua nafasi ya prednisoloni mwanzoni.

Prednisoloni peke yake

Nguvu yake haina mpinzani. Ndani ya siku chache kichwa kinatulia, taya linatafuna, mabega yanapanda. Shida ni safari ya kushuka. Kwa utaratibu wa kawaida mgonjwa anafika miligramu 15 hadi 20 baada ya miezi miwili mitatu, na 5 au chini baada ya mwaka, na takriban nusu ya wagonjwa huona ugonjwa ukirudi dozi inaposhuka. Ukirudi, dozi inapanda, na hesabu inaanza upya. Wengi hutumia miaka miwili au zaidi.

Na miaka hiyo ina gharama mwilini: sukari kupanda, presha, mifupa kuwa dhaifu, mtoto wa jicho, presha ya jicho, misuli ya mapaja kunywea, usingizi kukatika, hasira zisizo na sababu, maambukizi. Ndiyo maana tangu mwanzo hutolewa kalisi na vitamini D, mara nyingi na dawa ya kulinda mifupa, na sukari hupimwa mara kwa mara. Baada ya wiki chache tezi za juu ya figo, zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, husinzia, hivyo kukatiza vidonge ghafla kunaweza kumwangusha mtu na kumuua. Uingereza hutoa kadi ya steroidi kwa ajili hiyo. Ikae kwenye pochi.

Kuna jambo jingine linalomhusu aliyekulia Afrika Mashariki, hata kama ameondoka miaka 40 iliyopita, na madaktari wa Ulaya hulisahau. Mnyoo wa strongiloidi huingia kwa ngozi ya mguu unaokanyaga udongo na anaweza kuishi tumboni miongo mingi bila kelele. Steroidi za dozi ya juu humfungulia mlango akazaliana na kusambaa mwili mzima, na wengi wanaofikia hapo hufa. Kuna kipimo cha damu, na dawa yake ni ivermektini, vidonge vya siku moja au mbili. Mtajieni daktari mahali mgonjwa alikokulia, maana kwenye faili huenda hapajaandikwa. Steroidi zisicheleweshwe kwa sababu ya kipimo hiki, lakini kifanyike.

Kwa bei, hakuna kinachoshindana nayo. Inapatikana kila duka la dawa, kuanzia Oslo hadi Kigoma. Anayefunga Ramadhani anaweza kuhamishia dozi daku, ila kuruka siku hakuruhusiwi, na katika miezi ya dozi kubwa madaktari wengi watamshauri asifunge.

Inamfaa aliyegunduliwa mara ya kwanza, asiye na kisukari wala mifupa dhaifu, anayeshuka dozi bila ugonjwa kurudi. Inamfaa pia asiyeweza kufika kliniki mara kwa mara kwa vipimo vya damu, na ambaye dawa nyingine hazimfikii.

Prednisoloni na tosilizumabu

Tosilizumabu huziba mlango wa interlukini 6, mojawapo ya kemikali zinazouchochea ugonjwa huu. Jaribio lake kubwa, la wagonjwa 251, lilichapishwa 2017, na mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa huu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 56 ya waliodungwa kila wiki walikuwa wametulia bila steroidi, dhidi ya asilimia 14 na 18 ya makundi mawili yaliyopewa prednisoloni na sindano bandia. Kwa kuokoa steroidi: jumla ya prednisoloni ya mwaka ilikuwa miligramu 1,862 dhidi ya 3,296 na 3,818. Hiyo ni karibu nusu, na kwa mtu mwenye sukari ni tofauti kubwa sana.

Madhara yake ni ya aina nyingine. Seli nyeupe zinaweza kushuka, vimeng'enya vya ini na mafuta ya damu vikapanda, na utumbo kutoboka kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wenye vifuko vya utumbo mpana vilivyowahi kuvimba. Lakini tabia yake inayohitaji uangalifu zaidi ni kwamba inaishusha CRP na ESR hata kama kuna moto unawaka. Mgonjwa anaweza kuwa na nimonia bila homa na CRP ikawa safi. Ugonjwa wenyewe ukirudi, damu haitasema. Mlezi inabidi aamini dalili kuliko karatasi ya maabara. Kabla ya kuanza hupimwa kifua kikuu kilicholala na homa ya ini B. Kwa waliokulia kwetu vipimo hivi si vya kuruka.

Usumbufu: sindano ya chini ya ngozi ya miligramu 162, kila wiki kwa kawaida, ambayo mgonjwa au mlezi hujifunza kuidunga nyumbani. Inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Bei ni ya juu, ingawa sasa zipo nakala zake za bei nafuu zaidi Ulaya na Marekani. Uingereza, mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayoamua dawa zipi hospitali za umma zitoe, uliikubali kwa ugonjwa uliorudi au uliokataa steroidi, na kwa mwaka mmoja usiokatika, usizidi hapo. Mwongozo wa Marekani wa 2021 unaelekea kuitumia tangu mwanzo, kama bima inakubali. Baada ya kuacha, sehemu kubwa ya wagonjwa huona ugonjwa ukirudi, kwa hiyo swali la "baada ya mwaka tutafanya nini" liulizwe kabla ya sindano ya kwanza.

Inamfaa mwenye kisukari, mifupa iliyokwisha kuvunjika, presha ya jicho au akili iliyotibuliwa na steroidi, na yule ambaye ugonjwa umemrudia. Haimfai mwenye historia ya utumbo huo wenye vifuko kuvimba, wala mwenye maambukizi yasiyotibiwa.

Prednisoloni na methotreksati

Hii ni dawa kongwe ya baridi yabisi. Majaribio matatu madogo yaliyounganishwa 2007, jumla ya wagonjwa 161, yalionyesha inapunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi mara ya kwanza kwa asilimia 35 na mara ya pili kwa asilimia 51. Steroidi inaokolewa, lakini si kwa kiwango cha tosilizumabu, na faida huchukua miezi kuonekana. Ushahidi ni mwembamba; ndivyo ulivyo.

Madhara: kichefuchefu, vidonda vya kinywa, ini, seli za damu kushuka. Figo zikiwa dhaifu, kama zilivyo kwa wazee wengi, dawa inarundikana mwilini. Asidi ya foliki huongezwa, na pombe ipunguzwe sana. Usumbufu wake ni vipimo vya damu vya mara kwa mara, na nidhamu ya siku moja kwa wiki. Nasema siku moja kwa wiki, siku ileile. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, na kwa mzee anayesahau ni hatari kubwa kuliko zote. Mlezi ashike kopo mwenyewe. Kwa bei ni nafuu, na hata Afrika Mashariki inapatikana kwa kuwa hutumika kwa baridi yabisi na saratani.

Inamfaa ambaye ugonjwa umemrudia na tosilizumabu haipatikani au haimfai, figo na ini zikiwa nzima, na kuna mtu wa kusimamia vidonge.

Prednisoloni na upadasitinibu

Mgeni kwenye orodha: Ulaya na Marekani ziliiidhinisha kwa ugonjwa huu 2025. Ni kidonge kimoja cha miligramu 15 kila siku, hakuna sindano wala friji. Katika jaribio lake, asilimia 46 walikuwa wametulia kufikia wiki ya 52, dhidi ya asilimia 29 ya waliopewa kidonge bandia, na waliopata dawa walishushwa steroidi kwa wiki 26 badala ya 52. Usizipange asilimia hizi kando ya zile za tosilizumabu ukatangaza mshindi. Majaribio yalikuwa tofauti na wagonjwa tofauti.

Madhara yake ndiyo ya kuzingatia. Familia ya dawa ambamo upadasitinibu imo, vizuizi vya JAK, ina maonyo ya mamlaka za Ulaya na Marekani kuhusu moyo, kuganda kwa damu, saratani na maambukizi makubwa, hasa kwa walio na miaka 65 na kuendelea na waliovuta sigara muda mrefu. Wagonjwa wa ateritisi karibu wote wana umri huo. Mkanda wa jeshi hutokea zaidi, hivyo chanjo yake isiyo hai hutolewa kabla. Kifua kikuu hupimwa hapa pia, na damu hupimwa mara kwa mara. Bei iko juu na kibali cha bima huchukua muda.

Inamfaa asiyeweza sindano, au ambaye tosilizumabu imemshinda, na moyo wake na mishipa yake haina historia mbaya. Aliyewahi kupata kiharusi au damu kuganda mguuni aongee kwa kirefu na daktari wa baridi yabisi kabla ya kukubali.

Kwa hali yako

Kama mgonjwa ana wiki moja tu tangu agunduliwe, hana magonjwa mengine na anaona vizuri, prednisoloni peke yake ni uamuzi wa heshima. Subirini mwone dozi inavyoshuka. Kama ana kisukari au nyonga iliyovunjika, ulizeni kuhusu tosilizumabu tangu miadi ya kwanza. Uingereza inaweza kubidi ugonjwa urudi kwanza, hivyo kila dalili inayorudi iandikwe na tarehe yake.

Kama anaishi peke yake na kumbukumbu imeanza kumwacha, methotreksati ni ya mwisho kufikiriwa. Sindano inayodungwa na muuguzi kila wiki ni salama zaidi. Kama anaogopa sindano na moyo wake ni mzima, zungumzieni upadasitinibu. Kama bima imekataa dawa zote mbili za gharama, methotreksati ipo na ina ushahidi wake.

Kama mpango ni kwenda nyumbani kwa miezi kadhaa, anzeni na chanjo. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, na haichomwi kwa aliye kwenye prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa wiki kadhaa, wala kwenye tosilizumabu au upadasitinibu. Uganda huidai mpakani; Tanzania huwadai wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Aliyewahi kuchanjwa ana bahati, kwa kuwa tangu 2016 cheti ni cha maisha, hata kikiwa cha zamani. Asiyechanjwa aombe barua ya daktari ya kumwondolea sharti hilo, na dawa za kinga ya malaria zisisahaulike. Kwa aliye kwenye tosilizumabu, sindano ziende kwenye begi la mkononi lenye barafu, pamoja na barua ya hospitali, na kabla ya tiketi kununuliwa ajulikane mtu mwenye friji isiyokatikiwa umeme na maabara ya kupima seli nyeupe. Kama hilo halipatikani, jadilini na daktari iwapo abaki na prednisoloni kwa miezi ya safari, na vidonge vya ziada vya kupandisha dozi jicho au taya likianza tena.